Kabla Hujauza Ufuta Kununua Giaboksi

 Leo nataka tuzungumze kuhusu pikapu za zamani zenye gia otomatiki, na hasa ugonjwa mmoja unaozitesa sana katika barabara hii yetu ya kutoka Bigwa, kupitia Mkuyuni, Matombo, Mvuha na Duthumi, hadi Kisaki: gia kuteleza.

Nadhani unaujua. Unakanyaga mafuta, injini inapandisha sauti, mshale wa mizunguko unaruka juu, lakini gari haliongezi mwendo. Kwenye tambarare linavumilika. Ukifika mlimani na mzigo nyuma, linabaki kulia palepale huku watembea kwa miguu wakikupita. Pengine asubuhi, oili ikiwa ya baridi, linakwenda vizuri, kisha mchana linakataa. Pengine ni kinyume chake: asubuhi unaweka D, unasubiri, unasubiri tena, halafu ghafla linajivuta kwa kishindo.

Hapo ndipo hukumu hutolewa. "Mzee, giaboksi imekufa." Simu inapigwa Morogoro mjini, wa Morogoro wanapiga Dar es Salaam, bei inatajwa, na mwenye gari anaanza kuhesabu magunia ya ufuta aliyoyaweka stoo. Inaniuma sana kuona mavuno ya msimu mzima yanaondoka kwa neno moja la mtu ambaye hata boneti hajaifungua. Ziko sababu za gia kuteleza ambazo dawa yake ni lita 2 za oili, au mpira wa bomba, au kebo iliyolegea, au waya uliogugunwa na panya. Ziko pia ambazo kweli giaboksi imekwisha. Kazi ya fundi ni kuzitenganisha, na haki yako wewe mwenye mali ni kumwomba azitenganishe mbele ya macho yako kabla hujatoa shilingi.

Tuanze kwa kuhakikisha kwamba mgonjwa ni giaboksi yenyewe. Pikapu ya dizeli iliyoziba filta ya mafuta nayo haipandi mlima. Tofauti utaisikia kwa sikio. Injini iliyopungukiwa nguvu haipandishi mizunguko: unakanyaga hadi sakafuni na mshale unabaki chini. Gia inayoteleza, mshale unapanda na mwendo haupandi. Halafu tazama ile gia fupi ya fowili. Gia hiyo ikichomoka ikakaa katikati ya 4H na 4L, injini itanguruma hadi jioni na gari halitasogea hata hatua moja, na giaboksi haina kosa lolote. Ukishavuka mambo hayo mawili, tuendelee. Wenye gia za mkono, ambao najua ndio wengi huko kwetu, kwenu kuteleza ni habari ya pleti ya klachi, nayo inastahili kipindi chake.

Sasa, ndani ya giaboksi otomatiki mna nini? Mbele kabisa, imefungwa kwenye injini, kuna toki konveta, dude la mviringo lililojaa oili. Upande mmoja unazungushwa na injini na kurusha oili. Upande wa pili unaipokea oili ile nao unazunguka. Wazo hilo ni la Mjerumani Hermann Föttinger, aliyelibuni mwaka 1905 kwa ajili ya meli. Nyuma yake kuna pampu, nayo huzungushwa na injini. Pampu inasukuma oili kwa presha, presha inasukuma pistoni, na pistoni zinabana pleti. Pleti hizo zimepangwa moja ya chuma, inayofuata ina lainingi ya karatasi ngumu iliyogandishwa kwa gundi, tena ya chuma, tena ya karatasi. Zikibanwa sawasawa, gia inashika. Presha ikipungua, au lainingi ikilika, pleti zinasuguana bila kushikana, na msuguano huo unazaa moto. Moto unachoma lainingi, lainingi ikiungua inateleza zaidi, na ikiteleza zaidi inazidi kuungua. Ndiyo maana dereva anayesema "acha nifike tu nyumbani, kesho nitaangalia" anaweza kufika na giaboksi ambayo asubuhi ilikuwa bado inatibika.

Na ninyi wa Kisaki msidhani mashine za namna hii ni za jana. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipoizunguka milima ya Uluguru na kuteremka kupigana na Wajerumani wa Lettow-Vorbeck hapo Kisaki, mwezi Septemba, jeshi la Waingereza katika vita vile vya Afrika Mashariki lilikuwa na magari ya Ford Model T. Gari lile lilikuwa na gia za sayari, yaani gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati, na bendi za kuzibana, zikiendeshwa kwa pedeli. Bendi zilipolika gia ya chini iliteleza, na dereva alizikaza kwa spana. Ikimshinda kabisa aligeuza gari akapanda mlima kwa rivasi, kwa sababu bendi ya rivasi ilikuwa haijalika. Kisha General Motors wakaja na Hydra-Matic kwenye Oldsmobile za 1940: gia za sayari zilezile, bendi zilezile, ila mahali pa mguu wa dereva pakawekwa presha ya oili. Babu wa giaboksi yako alikuwa anatibiwa kwa spana moja kando ya njia, na mimi naona hiyo ni sababu ya kutoiogopa hii ya leo.

Basi tufungue boneti.

Kwenye Hilux, Surf na Prado nyingi za miaka ya 1990, zenye giaboksi za familia ya A340 zinazotengenezwa na Aisin, kuna stiki mbili. Moja ni ya oili ya injini, ya pili, iliyojificha nyuma zaidi, ni ya giaboksi. Humo ndimo mna ile oili nyekundu ambayo madukani wengi huiita haidroliki. Namna ya kuipima ni muhimu kuliko kuipima kwenyewe. Gari lisimame mahali pa usawa. Liwe limetembea hadi oili ipate moto, kati ya nyuzi 70 na 80. Vuta hendibreki, acha injini ikinguruma taratibu, weka mguu kwenye breki, kisha pitisha hendeli ya gia polepole kutoka P hadi L na uirudishe P, ili oili iingie kila mahali inapotakiwa kuingia. Chomoa stiki, ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena. Soma kwenye alama ya joto.

Wengi huipima injini ikiwa imezimwa, kwa kufuata mazoea ya oili ya injini. Injini ikizimwa, oili iliyokuwa juu inateremka kwenye sampu, yaani bakuli la chini ya giaboksi, na stiki inasoma juu. Utaona imejaa kumbe imepungua. Ukiwa na gari la baadaye kidogo usiione stiki, usishangae: mengine yamewekewa nati ya ubavuni ya kupimia, na hayo yanataka fundi, jeki, na kipimo cha joto.

Oili ikiwa pungufu, pampu inavuta hewa pamoja na oili, na hewa haibani pleti. Utaiona hasa mlimani na kwenye kona, kwa sababu oili kidogo iliyobaki inakimbilia upande mmoja wa sampu na kuiacha filta ikinyonya upepo. Ndiyo maana gari linalokwenda vizuri kutoka Kisaki hadi Mvuha linaweza kukataa likianza kupanda kuelekea Matombo. Lakini tafadhali, usiongeze tu ukafunga boneti ukaondoka. Giaboksi haichomi oili, ikipungua, imevuja. Ingia chini utazame. Vumbi la barabara yetu linakusaidia hapa, kwa kuwa linaganda palepale penye unyevu: kwenye gesketi ya sampu, kwenye sili ya mbele, kwenye mabomba na mipira inayopeleka oili kwenye rejeta. Na ukiongeza, ongeza kidogokidogo ukipima. Oili iliyozidi nayo inapigwa na vyuma vinavyozunguka hadi inakuwa povu, na povu halina presha. Mtu anaongeza lita nzima kwa nia njema, gari linateleza zaidi, halafu anaambiwa ndiyo hivyo tena, giaboksi imekufa.

Sasa angalia rangi. Dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe na ulinuse. Nyekundu na angavu, hiyo ni afya. Hudhurungi, imezeeka na inataka kubadilishwa. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, lainingi imeshaanza kuungua. Hapo matumaini yanapungua ingawa hayajaisha. Ukiona chembe zinazometameta kama fedha, vyuma vinakula vyuma.

Rangi ninayotaka tukae nayo kwa muda ni ile ya pinki, oili iliyofanana na maziwa yenye rangi. Hiyo maana yake ni maji, na huku kwetu maji yana njia mbili za kuingia.

Njia ya kwanza ni mito. Masika yakifika, mito inayoshuka kutoka Uluguru inajaa, drifti zinafunikwa, na dereva aliyetoka mbali na mzigo anaamua kupita. Giaboksi yake ina joto kali. Inaingia ghafla kwenye maji ya baridi, hewa iliyomo ndani inasinyaa, na inavuta kutoka nje chochote kilichopo. Kila giaboksi ina kipumulio, na kwenye magari haya kina kijibomba kilichopandishwa juu kusudi kisinywe maji. Kijibomba hicho kikikatika au kikichomoka, kinachovutwa ndani ni maji ya mto. Ukitaka kufanya jambo moja tu baada ya kunisikiliza leo, nenda ukakitafute kijibomba hicho. Kikiwa kimekatika weka mpira mpya, uupandishe hadi usawa wa juu kabisa wa injini. Ni kazi ya robo saa. Na kabla ya kuingia majini, simama kando, zungumza na waliotangulia, acha gari lipoe kidogo. Maji yakiwa yamefika usawa wa mhimili wa gurudumu, mimi ningesubiri yapungue.

Njia ya pili ni rejeta. Oili ya giaboksi inapoozwa ndani ya tangi la rejeta, kwenye bomba lililozungukwa na maji ya injini. Bomba hilo likitoboka, maji na oili vinachanganyikana. Nchini Marekani Nissan walijikuta mahakamani kwa sababu hiyo: Pathfinder, Xterra na Frontier za kati ya 2005 na 2010 zilikuwa na rejeta ambazo zingeweza kupasuka kwa ndani, na wenye magari wakajikuta na giaboksi iliyokufa kwa kosa la rejeta. Kwa hiyo ukifungua mfuniko wa rejeta ukaona utando wa mafuta, usiliwashe tena gari lile. Adui mkubwa wa lainingi ya karatasi ni maji, kwa sababu yanalegeza gundi na lainingi inabanduka. Gari lililopitishwa mtoni, oili yake ikamwagwa na kubadilishwa mara mbili au tatu siku hiyohiyo, linaweza kupona. Lililoendeshwa mwezi mzima na oili ya pinki, sidhani.

Tukifika kwenye kubadilisha oili, kuna maneno mengi mitaani. Wapo wanaosema giaboksi ya zamani usiiguse, oili mpya itaiua. Nawaelewa: wameona magari yaliyokufa wiki moja baada ya kubadilishwa oili. Lakini mara nyingi gari hilo lilipelekwa kubadilishwa oili kwa sababu lilikuwa tayari linateleza. Msimamo wangu ni huu. Usikubali mashine ya kusukuma oili kwa presha kwenye giaboksi iliyochakaa, maana uchafu uliokuwa umetulia unaweza kusukumwa hadi kwenye valvu. Fungua nati ya sampu, oili ishuke yenyewe. Kwenye Toyota hizi zitatoka karibu lita 2 tu, nyingine inabaki ndani ya konveta. Rudisha kiasi kilekile kilichotoka, endesha siku kadhaa, kisha rudia. Taratibu oili ya zamani inapungua na mpya inaongezeka, na giaboksi haishtuki.

Ukipata nafasi ya kufungua sampu nzima, ifungue. Ndani kuna filta, na chini kuna sumaku ndogo. Tope laini la kijivu juu ya sumaku ni la kawaida kwa gari lenye umri. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni habari nyingine. Filta ya wavu inaoshwa kwa petroli na kukaushwa; sampu inafutwa hadi ing'ae; gesketi inawekwa mpya. Wakati huo mwenye gari awe amesimama pale. Usiende kunywa chai.

Na oili gani? Hapa sina utani hata kidogo. Angalia maandishi kwenye stiki au kitabu cha gari. Nyingine zinataka Dexron, nyingine Toyota T-IV, za baadaye zinataka WS, na Nissan wana zao. Wekundu wa rangi hauzifanyi ziwe sawa. Oili hii inatakiwa ilainishe gia, na papo hapo iziache pleti zishikane, mambo mawili yanayopingana, na siri iko kwenye dawa zinazochanganywa ndani yake. Hadi mapema miaka ya 1970 Wamarekani walikuwa wanatia mafuta ya nyangumi, kwa kuwa hakuna kingine kilichoifanya kazi hiyo vizuri kiasi kile. Mafuta hayo yalipopigwa marufuku huko Marekani, watengenezaji walihangaika kupata mbadala na giaboksi nyingi zikaumia katika kipindi hicho. Hebu fikiria basi mtu anayekuuzia oili ya dumu lisilo na jina kwa sababu eti ni nyekundu. Chupa za dawa zinazodai kuponya gia inayoteleza, mimi sizipendekezi. Zikifanya kitu, ni kuvimbisha sili kwa muda, na lainingi iliyolika haioti tena.

Oili ikiwa nzima, ya kiasi sawa na rangi nzuri, na gia bado inateleza, msikimbilie kushusha giaboksi. Kwenye magari ya zamani kuna kebo nyembamba inayotoka kwenye pedeli ya mafuta, pale inapovuta pampu ya dizeli au throtoli, hadi ndani ya giaboksi. Watu wengi huidhani ni ya kubadilisha gia tu. Kazi yake kubwa ni kuiambia giaboksi unakanyaga kiasi gani, ili presha ipande kulingana na mzigo. Ikilegea, giaboksi inadhani unakwenda taratibu, inabana pleti kidogo, na mlimani zinateleza. Kipimo cha Toyota kwa nyingi ya hizi ni hiki: mtu mmoja akanyage mafuta hadi mwisho injini ikiwa imezimwa, mwingine atazame kizuizi kidogo kilichobanwa kwenye kebo, nafasi kati yake na mwisho wa ala ya mpira iwe milimita 0 hadi 1. Ikizidi, nati mbili za kurekebishia ziko palepale. Fikiria mtu anayeuza gunia baada ya gunia kwa sababu ya nati mbili.

Halafu umeme. Giaboksi za miaka ile tayari zina solenoidi, yaani valvu ndogo za umeme, na ubongo mdogo unaoziamrisha. Fundi wa kijijini atasema hana mashine ya kupima, na ni kweli, lakini Toyota nyingi za miaka ya 1990 hazihitaji mashine. Chini ya boneti kuna kisanduku cha plastiki, kifuniko chake kimeandikwa ndani majina ya matundu. Washa swichi bila kuwasha injini, kitufe cha O/D, yaani ovadraivu, kiwe kimewashwa, kisha unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Taa ya O/D OFF kwenye dashibodi itaanza kuwaka na kuzima. Ikimetameta mfululizo bila kupumzika, ubongo hauna lalamiko. Ikiwaka mara sita, ikapumzika, ikawaka mara mbili, hiyo ni 62, solenoidi ya kwanza. Mara sita kisha tatu ni solenoidi ya pili. Mara sita kisha moja ni kihisi cha mwendo. Nimefurahi kila mara nilipomwona kijana wa gereji akisoma namba hizo kwa waya na macho yake tu, na anayetaka kujifunza vizuri ana chuo cha ufundi cha VETA pale Kihonda.

Ukitaka kuthibitisha kabisa, chomoa soketi ya solenoidi uendeshe kwa mkono. Katika familia hiyo ya A340, bila umeme, L inakupa gia ya kwanza, 2 inakupa ya tatu, na D inakupa ya juu kabisa. Anza na L, ongeza mwendo, ingiza 2, kisha D. Gari likivuta kwa nguvu katika zote tatu bila kuteleza, pleti zako ziko hai. Tatizo liko kwenye waya, soketi iliyoingia kutu, au solenoidi.

Kuna kipimo kingine cha kukanyaga breki kwa nguvu zote, kuweka D na kukanyaga mafuta hadi mwisho uone mizunguko inafika wapi. Hicho ni cha fundi aliyekwisha kufundishwa, magurudumu yamewekewa vigingi, hakuna mtu mbele wala nyuma, na kisizidi sekunde 5. Mizunguko ikipita kipimo cha kitabu katika D na katika R pia, presha ya jumla ni ndogo. Ikipita katika D peke yake, klachi ya kwenda mbele ndiyo iliyolika. Kijana asiyejua akikirudia-rudia kuonyesha ushujaa, atachoma alichokuja kukipima.

Nizungumze na madereva sasa. Barabara ya Bigwa hadi Kisaki ni zaidi ya kilomita 130, inaanza miguuni mwa milima ambayo kilele chake kinapita mita 2,600 na kuishia kwenye joto la bonde la Mgeta. Milimani, usiiachie giaboksi ijichagulie. Zima O/D kabla hujaanza kupanda, ingiza 2 au L mapema, uiache ishike gia moja. Ikiwa inapanda na kushuka gia kila dakika, kila badiliko ni msuguano na konveta inachemka. Kwenye tope tumia 4L, ambayo inaipunguzia giaboksi mzigo mkubwa. Ukikwama, usirushe gari kwa D na R huku umekanyaga mafuta, chukua jembe. Kila wiki tazama mbele ya rejeta, maana mbegu za nyasi na tope huziba mapezi yake. Watengenezaji wa oili hukadiria kwamba kila nyuzi 10 za joto zikiongezeka, umri wa oili unapungua kwa nusu.

Na likishindwa kabisa njiani, usikubali livutwe hivihivi na trekta magurudumu yakizunguka. Injini ikizimwa pampu imesimama, na vyuma vya ndani vinazunguka vikavu. Toa propela shafti kwanza, ya nyuma, na ya mbele pia kama fowili imeshika, ndipo livutwe. Kusukuma ili liwake hakusaidii, otomatiki haiwaki kwa kusukumwa.

Lakini ziko siku ambazo vipimo vyote vimefanywa, oili ni nyeusi, sampu ina vipande, presha haipo. Basi giaboksi imekwisha kweli, na kuificha habari hiyo si msaada. Hapo una njia mbili: kuifungua na kubadilisha pleti na sili, ikiwa unampata fundi aliyewahi kuzifunga otomatiki hasa, au kununua ya mtumba. Ukinunua ya mtumba, soma kibati cha gari lako kilichoandikwa aina ya giaboksi, na usipokee inayofanana kwa macho. Ya gari la petroli na ya dizeli zinaweza kufanana kwa nje na konveta zikatofautiana. Dai ije na konveta yake. Kabla haijalipiwa, fungua sampu yake uzione sumaku, na unuse oili iliyobaki. Kabla haijafungwa, hakikisha bomba la kupoozea kwenye rejeta limesafishwa, maana uchafu wa giaboksi ya zamani umelala humo ukiisubiri mpya. Konveta iingie hadi mwisho kwenye pampu kabla bolti hazijakazwa. Ikikaa vibaya, pampu inavunjika siku ya kwanza injini inapowashwa. Na ile ya zamani, kabla haijauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, mwambie fundi aifungue mbele yako akuonyeshe pleti zilizoungua ni zipi, za gia gani, na kwa sababu gani, ili ujue kama gari lilidai kijibomba cha kupumulia, rejeta, au kebo, na hicho kitengenezwe siku hiyohiyo kabla giaboksi mpya haijapanda mlima wa Matombo.